Giaboksi Ambayo Karanja Hakuichoma

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa ufagio na debe la unga wa mbao, ule wa kumwaga juu ya mafuta yaliyodondoka sakafuni ili uyanyonye. Nilikuwa nimetoka Maragoli na shati moja safi na barua ya mwalimu wa misheni iliyosema kwamba Zakayo anajua kusoma na kuandika Kiingereza. Bwana Fomani aliipokea barua ile, hakuifungua, akaitia mfukoni na kunielekeza kwa kidole kwenye ubao uliopigiliwa ukutani.

"Wewe nasoma, siyo?" akaniuliza. "Basi soma ile."

Ubao ulisema, kwa Kiingereza na chini yake kwa Kiswahili, kwamba hakuna mfanyakazi Mwafrika atakayewasha injini ya gari la mteja, ndani ya gereji wala nje uani. Sababu yake niliisikia baadaye. Kabla yangu kulikuwa na mtu aliyewasha lori likiwa ndani ya gia, likaruka na kuvunja ukuta. Mtu mmoja alikosea siku moja, tukaadhibiwa sote. Nilisoma ubao ule kwa sauti mpaka mwisho, Bwana Fomani akaridhika, nikaanza kufagia.

Hiyo ilikuwa Thika, miaka ya hamsini, siku za Hali ya Hatari. Nawaandikia nyinyi mafundi wa sasa, mnaochomeka kompyuta chini ya usukani ikawaambia gari linaumwa wapi. Wajukuu wangu wana gereji Githurai 45 na ndivyo wanavyofanya. Wakati mwingine kompyuta inawadanganya, wanang'oa kilicho kizima na kuacha kibovu, nami nakaa kwenye kiti changu nacheka. Siwaonei wivu hata kidogo. Lakini mtu asije akawaambia kwamba sisi wa zamani tulikuwa tukibahatisha. Tulikuwa na masikio, pua na maswali, na tulikuwa na wakubwa ambao wangependa tusitumie hata kimoja.

Wakubwa wenyewe walikuwa wawili. Juu kabisa alikuwa Bwana Fomani, Mzungu aliyejifunzia ufundi jeshini. Hakuwa mtu wa kupiga watu, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Shida yake ilikuwa kwamba akishatamka neno, haligeuzi, hata ukweli ukimgonga kwenye goti. Chini yake alikuwa fundi mkuu, Singasinga mmoja tuliyemwita Sardarji, ambaye alijua magari kuliko Fomani, na wote wawili walilijua jambo hilo. Halafu sisi spanaboi. Spanaboi ni yule anayelala chini ya gari, anayefungua nati zilizoshikwa na kutu, anayedondokewa na matope machoni, na jina lake haliandikwi kwenye karatasi ya kazi. Nilitoka kwenye ufagio nikaingia kwenye spana baada ya miezi minane. Kwa miaka mitatu nilifungua injini, nikazifunga, kisha nikasimama kando ili mtu mwingine aje aziwashe.

Mwalimu wangu alikuwa Sardarji. "Usishike spana kabla hujamuuliza dereva," alikuwa akiniambia. "Gari linasema na yeye kila siku. Na wewe linasema leo tu." Alinifundisha kudondosha mafuta ya giaboksi juu ya kitambaa cheupe na kuyasoma. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki ni mekundu. Yakiwa mekundu na hayanuki, giaboksi ni nzima. Yakiwa ya kahawia na yananuka kama chapati iliyosahauliwa jikoni, kuna kitu ndani kinateleza na kuungua. Ukiona chembe zinazometameta, hizo ni chuma, na hapo andaa mkebe wa kutilia vipande.

Magari ya otomatiki yalikuwa machache mno siku hizo. Thika nzima ilikuwa ya malori ya mkonge, trekta za kahawa na gari dogo la hapa na pale, vyote vya gia za kawaida. Kukagua mafuta ya giaboksi ya kawaida ni kazi rahisi. Injini imezimwa, unafungua nati ya ubavuni, unatia kidole, ukigusa mafuta unafunga. Kwa hiyo ile amri ya ubaoni haikutusumbua katika kukagua mafuta. Ilitusumbua katika heshima tu, na heshima yetu haikuwa kwenye orodha ya vitu vya gereji.

Kisha ikaja pikapu ya Bwana Mkonge. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa na shamba la mkonge upande wa Makuyu. Alizaliwa nchini humu na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu. Pikapu yenyewe ilikuwa ya Kimarekani, kuukuu, aliinunua kwa mlowezi mwenzake aliyerudi Ulaya, na ilikuwa ya otomatiki. Dereva wake alikuwa Karanja, Mkikuyu wa makamo, mpole, mtu wa kufuta kiganja kwenye suruali kabla ya kukupa mkono. Alikuwa ameiendesha pikapu ile tangu iliponunuliwa na aliipenda. Hata matairi aliyaosha kwa brashi.

Niwaeleze kidogo ilivyofanya kazi, maana nyinyi mmezoea kubadilisha giaboksi nzima bila kujua kilichomo. Gari la otomatiki halina pedali ya klachi. Badala yake kuna bakuli mbili za chuma zenye mapezi ndani, zimetazamana, na kati yao pamejaa mafuta. Injini inazungusha bakuli ya kwanza, mafuta yanarushwa, yanasukuma ya pili, na gari linaenda. Nyuma ya bakuli hizo kuna gia, na kila gia inakamatwa na mkanda wa chuma tunaouita bendi au na sahani za klachi, na vyote hivyo vinabanwa kwa nguvu ya mafuta kutoka kwenye pampu. Yaani mafuta hayo si ya kulainisha tu. Ndiyo yanayobadilisha gia. Yakipungua, pampu inavuta hewa, bendi inabana kwa ulegevu, na injini inanguruma huku gari limezubaa barabarani.

Pikapu ililetwa kwa servisi. Nilipewa kazi hiyo mimi. Nilifungua nati ya sampu, lile sinia la mafuta chini ya giaboksi, mafuta ya zamani yakatoka. Nikafungua na nati ya bakuli, yakatoka mengine mengi. Nikafunga zote mbili, nikamimina mafuta mapya huku nikichungulia kijiti cha kupimia, mpaka kijiti kikasema imejaa. Injini ilikuwa imezimwa, kwa sababu ya ubao. Bwana Fomani akaja, akachomoa kijiti, akatazama, akatikisa kichwa kukubali na kutia sahihi. Karanja akachukua pikapu akaenda zake.

Haukupita mwezi akarudi nayo, na safari hii Bwana Mkonge alikuwa amekaa kando yake, uso umekunjamana. Wazungu wawili wakaingia ofisini. Mimi nikamfuata Karanja uani.

"Inafanyaje?" nikamuuliza.

"Ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, inapotea," Karanja akasema. "Injini inapanda juu, gari haliendi. Halafu inashika ghafla, inatugonga mgongo."

"Asubuhi au ikishapata moto?"

"Asubuhi inachelewa kuondoka. Natia gia, nahesabu moja, mbili, tatu, ndiyo inaanza kwenda. Ikipata moto ndiyo mbaya kabisa. Kile kilima cha kutoka Mto Chania, jana ilikataa katikati. Mpaka tukateremka tukasukuma, mimi na Bwana mwenyewe."

"Kwenye kona?"

Akafikiri. "Kwenye kona kali inaachilia. Ukinyoosha, inashika tena."

Jibu lile lilinifanya nisimame wima. Bendi iliyoungua haijui kona ni nini. Kinachojua kona ni mafuta, kwa sababu kwenye kona mafuta hukimbilia upande mmoja wa sampu, na yakiwa machache pampu inabaki kunyonya hewa.

"Na imeanza lini?" nikauliza.

Karanja akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa matatani. "Ndugu yangu, tangu siku ile niliyoitoa hapa kwenu."

Kabla sijajibu, Bwana Fomani na Bwana Mkonge wakatoka ofisini. Fomani akachomoa kijiti, injini imezimwa, akamwonyesha mwenye gari: imejaa. Akanusa. Kweli mafuta yalikuwa yameanza kunuka, maana gia zilikuwa zikiteleza kwa wiki kadhaa.

"Oili iko tele," akasema. "Hii dereva nachoma giaboksi. Nakanyaga akseleta na breki pamoja. Sisi nafungua Jumatatu, mimi naandikia wewe ripoti."

Bwana Mkonge akamgeukia Karanja. Hakupandisha sauti. "Nimesikia habari za watu wanaoharibu mali za mabwana zao siku hizi. Sikudhani nitaisikia kwangu. Ripoti ikisema hivyo, Karanja, nitaipeleka kwa Bwana D.O. yeye akuulize vizuri."

Nyinyi wa leo hamwezi kujua uzito wa maneno hayo, wala uzito wa D.O., ofisa wa serikali ya kikoloni. Mkikuyu wakati ule, kwa kushukiwa kuwa Mau Mau, hakusafiri kutoka hapa mpaka pale bila pasi. Karatasi moja kutoka kwa mwajiri, iliyosema huyu ameharibu mali kusudi, ilitosha kumpeleka mtu kwenye kambi ya kizuizini, na watu waliopelekwa huko wengine walirudi baada ya miaka na wengine hawakurudi. Karanja alikuwa na mke na watoto wawili katika nyumba za wafanyakazi kule kwenye mkonge. Alisimama, kofia mkononi. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Adhuhuri nilimwendea Sardarji alipokuwa akila. Nikamweleza kuhusu kona na kuhusu siku ya servisi. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Kitabu cha gari ile kiko kwenye droo yangu ya chini," akasema hatimaye. "Mimi sasa naenda kunawa mikono. Nanawa pole pole."

Nikakisoma kitabu kile nikiwa nimechuchumaa nyuma ya meza. Ukurasa wenyewe haukuwa mrefu. Ulisema kiwango cha mafuta kipimwe injini ikiwa inanguruma, mafuta yakiwa na moto, gia ikiwa nyutro, yaani haijashika. Ukaeleza sababu: injini ikizimwa, mafuta huteremka kutoka kwenye zile bakuli yakajaa kwenye sampu, na kijiti kinasema uongo. Na baada ya kumwaga mafuta yote, ulisema, mimina sehemu, washa injini ili bakuli zinywe, ndipo umimine yaliyobaki.

Niliketi sakafuni. Nilikuwa nimemwaga mafuta ya bakuli na sikuyarudisha. Nilikuwa nimejaza sampu peke yake, nikaiita giaboksi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mdudu mwenyewe nilikuwa mimi. Karanja alikuwa karibu kwenda kambini kwa sababu ya mkono huu ninaoandikia. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Halafu aibu ikageuka hasira, kwa sababu nilijua vizuri ni nani aliyeuzuia mkono huo usiwashe injini.

Sardarji akarudi akikausha mikono. Alinisoma usoni.

"Zakayo, mimi nina watoto watano na Fomani anatafuta sababu ya kunifukuza," akasema. "Sitasema kitu. Nakushauri na wewe usiseme."

"Na Karanja?"

Akakunja taulo. Akalikunjua, akalikunja tena. "Ukiwasha," akasema, "hakikisha iko nyutro na breki ya mkono imevutwa."

Nilijaribu njia ya adabu kwanza. Jumatatu asubuhi nilisimama mlangoni pa ofisi, nikavua kofia, nikamwomba Bwana Fomani awashe injini ya pikapu ile yeye mwenyewe apime mafuta ikinguruma. Nikamwambia kitabu kinasema hivyo.

"Nani napa wewe kitabu?" akauliza.

"Nimesoma tu, Bwana."

"Mimi nafanya kazi ya gari kabla wewe nazaliwa. Oili iko full. Enda fungua giaboksi."

"Bwana, kuangalia ni dakika mbili."

"Enda fungua."

Nikatoka. Pikapu ilikuwa uani, Karanja amesimama kando yake na ufunguo, kwa maana alikuwa ndiye aliyeileta. Bwana Mkonge alikuwa amekaa kwenye gari lake lingine akivuta sigara, akingoja ripoti. Mafundi wengine walikuwa wanavaa ovaroli. Nikijua kabisa nitakachopoteza, nikamwambia Karanja, "Nipe huo ufunguo."

"Haiya, ndugu yangu, watakufukuza," akasema.

"Najua. Lete."

Nikaingia. Nikavuta breki ya mkono, nikatia gia nyutro, nikahakikisha mara mbili kwa sababu ya yule mtu na ule ukuta wake. Nikawasha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwasha injini ya gari lolote. Spana zikasimama hewani uani kote. Nilikuwa nimetega sikio, na chini ya sakafu nikaisikia pampu ikilia, ule mlio mwembamba wa kitu kinachonyonya hewa. Mpaka leo naujua mlio huo hata nikiwa upande wa pili wa barabara.

Bwana Fomani alitoka ofisini mbio. "Toka ndani ya gari."

"Bwana, utanifukuza," nikamwambia kupitia dirishani. "Nifukuze nikishamaliza."

Nikateremka, injini ikiendelea, nikamwita Bwana Mkonge kwa jina lake halisi, jambo ambalo pia tulikuwa hatulifanyi. "Bwana, njoo uangalie gari lako." Alikuja, nadhani kwa mshangao tu. Nikainua zulia la sakafu, nikachomoa kijiti, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena mbele ya macho yake. Kilikuwa kikavu. Ncha yake tu ilikuwa na povu. Nikamwomba Karanja azime. Tukangoja mafuta yateremke, watu wote wametuzunguka kama kwenye mnada, kisha nikapima tena. Kijiti kikasema imejaa.

"Sasa kipimo kipi ni cha kweli?" Bwana Mkonge akauliza.

"Cha injini inayonguruma. Kitabu kinasema hivyo, waweza kukisoma mwenyewe. Gari hili limekuwa likienda na mafuta nusu tangu siku ya servisi. Halikuharibiwa na Karanja."

"Nani alifanya servisi?"

Ningeweza kusema "gereji". Neno hilo lilikuwa mdomoni tayari.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemimina. Nilipima injini ikiwa imezimwa kwa sababu siruhusiwi kuiwasha. Ubao ule pale ukutani unakataza. Na Bwana Fomani alitazama kijiti kama mimi, akatia sahihi."

Nikawasha tena, nikamimina mafuta kidogo kidogo injini ikinguruma, kopo baada ya kopo, mpaka kijiti kikafika alama. Nilimimina makopo manne. Nikamwambia Bwana Mkonge amwache Karanja aendeshe naye akae kando, waende mpaka kilima cha Chania wapande. Waliondoka. Tulisimama uani tukingoja, Bwana Fomani kwenye ngazi za ofisi, mimi kando ya makopo matupu, na hapakuwa na mtu aliyenijia karibu isipokuwa Sardarji, aliyekuja kuokota kopo moja akalitazama kana kwamba lina kasoro.

Waliporudi Bwana Mkonge ndiye aliyekuwa kwenye usukani. "Imepanda," akasema. "Inashtuka kidogo ikiingia gia ya tatu, lakini imepanda."

"Itaendelea kushtuka," nikamwambia. "Sahani zimeungua kidogo kwa kuteleza. Zitadumu ukizitunza."

Bwana Mkonge akateremka, akampa Karanja ufunguo, akarudi kwenye gari lake bila kuingia ofisini kuchukua ripoti. Hakumwomba Karanja radhi. Siku hizo hawakuwa na desturi hiyo. Lakini ufunguo alimpa, na kwa Bwana D.O. hakwenda.

Mimi nilipigwa kalamu siku hiyo hiyo. Bwana Fomani aliandika karatasi kwa mashine ya chapa kwamba Zakayo alijaza mafuta kwa uzembe wake mwenyewe, akanisogezea kidau cha wino nitie kidole gumba.

"Najua kuandika," nikasema. "Nipe kalamu."

Akanipa, sijui kwa nini. Nikaandika chini ya maneno yake, kwa Kiingereza cha misheni, kwamba nilijaza injini ikiwa imezimwa kwa sababu gereji inanikataza kuiwasha. Nikatia sahihi. Aliisoma, akaikunja mara nne na kuichana.

"Andika ingine. Bila hii."

"Hapana, Bwana."

"Wewe hapana pata barua ya kazi."

"Sawa."

Mkono nilikuwa nimeukubali mbele ya watu wote. Uzembe sikuukubali, na sitaukubali hata mkiniwekea bunduki. Nilitoka bila barua, na fundi bila barua wakati ule alikuwa mtu wa kuulizwa maswali kila kona. Miezi minne sikupata kazi. Nilifanya vibarua vya kulima, nikabeba magunia, nikalala njaa siku nyingine. Asubuhi za namna hiyo nilimchukia Karanja kidogo, yeye na kofia yake. Mwaweza kunihukumu kwa hilo.

Kazi ya pili niliipata Ruiru, kwenye shamba la kahawa, pande hizo ambako leo mnaona mtaa wa Membley na mageti yake. Siku ya kwanza Bwana Meneja wa shamba, mzee aliyechoka na asiyejali barua, alinipeleka kwenye trekta iliyolala bandani. "Unaweza kuiwasha?" akauliza. Hakuuliza kingine. Nikaiwasha, na nikasimama nikiisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, mpaka yule mzee akaniuliza kama kuna kasoro. Nikamwambia hakuna, iko sawa kabisa. Nilikuwa na furaha, basi.

Pale nilikaa mpaka uhuru ukatukuta. Baadaye nilifungua gereji yangu mwenyewe pale Ruiru, na amri yangu ilikuwa ya kinyume: mtu haruhusiwi kufungua gari ambalo hajaliwasha na kulisikiliza. Nilifundisha vijana wengi. Kila aliyekuja na gari la otomatiki linalopoteza gia nilimuuliza maswali yale yale. Asubuhi au likishapata moto? Kupanda au tambarare? Kwenye kona? Imeanza lini, na nani aliligusa kabla ya hapo? Swali la mwisho ndilo mafundi hawalipendi, kwa sababu mara nyingi jibu ni fundi mwenyewe. Niliendelea hivyo mpaka magoti yakakataa kuingia shimoni, nikawaachia wanangu spana.

Tangu nistaafu watu huniuliza kama sikuona uchungu kuipoteza kazi ile kwa ajili ya mtu ambaye hata si wa kabila langu. Swali hilo hunikera. Kosa lilikuwa langu na adhabu ilikuwa inakwenda kwake. Ukabila unaingilia wapi hapo? Wengine husema, tena mafundi wazima, kwamba nilipaswa kumwaga mafuta kimya kimya na kujaza vizuri, gari lipone, nisijitaje. Gari lingepona, kweli. Na Karanja angebaki na jina la mtu aliyeharibu akasamehewa. Jina hilo halina spana ya kulifungulia.

Karanja aliiendesha pikapu ile mpaka Bwana Mkonge akaiuza, kisha akaendesha lori la chama cha ushirika miaka mingi. Tulikuwa tukitembeleana Krismasi. Alipofariki, nilikwenda kumzika kwake Gatanga, na ndio mwisho wa habari hii.

Mwanawe mkubwa, mtu mwenye cheo, alisimama na kipaza sauti kusoma historia ya marehemu. Akafika miaka ya hamsini, akapandisha sauti. Akasema kwamba baba yao, wakati wa kupigania uhuru, alichoma giaboksi ya gari la mkoloni kwa mikono yake, mkoloni asipate kutembea. Watu wakapiga makofi. Mzee aliyekaa kando yangu alifuta machozi.

Mimi nikasimama. Magoti yaliniuma lakini nikasimama, nikaomba kipaza sauti. Mshereheshaji hakutaka kunipa, nikakichukua.

"Mwanangu," nikasema, "pole kwa msiba. Baba yako hakuchoma giaboksi ile. Nilikuwapo. Aliyeiharibu ni mimi, kwa kukosa kuijaza mafuta, na baba yako alisingiziwa maneno hayo hayo uliyoyasoma, akakaribia kupelekwa kambini kwa ajili yake. Alilitunza gari lile mpaka matairi akayaosha kwa brashi. Mashujaa waliokwenda msituni nawajua na nawaheshimu. Hili halikuwa tendo lao, na halikuwa la Karanja. Msimzike na uongo wa Fomani."

Nyumba nzima ya turubai ikanung'unika. Mtu mmoja nyuma akasema huyu mzee wa Maragoli aketishwe. Mshereheshaji akanipokonya kipaza sauti, akaanzisha wimbo wa kanisani, na watu wakaimba kwa nguvu kuliko ilivyo kawaida.

Baada ya kufukia kaburi, mjane wake, Wanjirũ, aliniita alipokuwa amekaa na wanawake wenzake. Nilijua nakwenda kusemwa. Nikainama nimpe mkono.

"Kila Krismasi aliwaambia watoto kwamba hakuichoma," akasema, bila kuuachilia mkono wangu. "Kila Krismasi. Wakamwambia, baba, wacha unyenyekevu."

Mwanawe mkubwa hanisalimii mpaka leo. Shauri yake. Karanja alikuwa dereva aliyejua kazi yake, na giaboksi ile ilikosa mafuta.